Mtu wa Tisa

Grace alinipigia simu wiki mbili baada ya kumzika baba yake. Msibani sikwenda. Habari nilizipata sokoni, kwa muuza vitunguu, nikarudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, maana sikujua kama ningepokelewa au ningetolewa mkuku mbele za watu. "Shikamoo dada Anjela," Grace alisema kwenye simu. Nikaitikia marahaba, nikampa pole, akaipokea. Kisha akasema, "Mama anataka uje. Uje peke yako. Anasema unajua kwa nini." Kweli nilijua. Zaidi ya miaka ishirini mama yake na mimi tumeishi mji mmoja huu wa Dodoma bila kusalimiana. Tumepishana Majengo, tumepanga foleni moja benki, na mara moja tuliketishwa safu moja kwenye mahafali kule Chimwaga, viti viwili kati yetu, akanitazama mpaka nikainamisha macho. Basi nilikwenda, na nitasema nilichokikuta. Ila kwanza niuseme mwaka ule wenyewe, tena niuseme wote, kwa sababu nimeusimulia mara nyingi kwa watu wengi na kila mara nimekuwa naupunguza kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kazi yangu ilikuwa kuwauzia watu wa Dodoma bahari ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuiona. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Majengo, ghorofani, juu ya duka la nafaka. Vumbi la mahindi lilipanda kwa ngazi na kukaa juu ya kila kitu, na harufu ya dawa ya wadudu ilitukaba koo tangu asubuhi, tukazoea. Ukutani zilibandikwa picha za samaki. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya sulisuli, samaki mrefu kunishinda mimi, mdomo kama sindano ya kushonea magunia, pezi la mgongoni limesimama lote, rangi ya bluu iliyokolea. Mwenye ofisi alikuwa Bi Rukia, mama wa Pangani, mnene, mpole wa sauti, asiyetikisika. Kaka yake, Nahodha Sudi, alikuwa na boti ya injini iliyoitwa Tausi, ya kukodishwa na watu wanaovua kwa kujifurahisha. Bi Rukia alipiga hesabu zake akaona wenye likizo na hamu ya kutamba wako huku bara, maofisini na kule bungeni, basi akaifuata Dodoma. Wenzake walimcheka. Ndani ya miezi sita boti ilikuwa ikijaa kila Jumamosi.

Wateja wetu walikuwa burudani tosha. Walipanda zile ngazi wakihema, wakasimama mbele ya sulisuli wakaguna. Kazi ilikuwa kuwaeleza kwamba samaki huyo haliwi wala haletwi nyumbani. Ukimnasa unapambana naye, anaruka, anazama, anaruka tena, na akifika ubavuni mwa boti anabandikwa alama ndogo mgongoni kisha anaachiwa. Namkumbuka karani mmoja wa Bunge aliyevua miwani kabisa. "Dada, nimekuelewa vibaya. Nimhangaikie saa nzima, mgongo uniume, halafu nimwache aende? Anakwenda wapi?" Nikamwambia anarudi kwao. "He! Na mimi narudi kwangu na nini?" Bi Rukia akadakia kutoka kwenye meza yake bila kuinua uso: "Na picha, mwanangu. Na nguru. Nguru unaruhusiwa, mpaka jodari ukimpata." Walicheka, wakaandikisha. Nami nilieleza mambo ya mawimbi, chambo na mishipi kwa kujiamini kabisa, kumbe maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya bwawa la kunyweshea mifugo kwetu Mpwapwa.

Bi Rukia alikuwa na sharti moja, na juu ya sharti hilo ndipo yote yaliponikuta. Kila safari mimi nilichapa orodha ya abiria: jina, na chini yake jina la mtu wa nyumbani na namba yake. Nakala moja ilibaki ukutani kwetu, nyingine nilimsomea kwa simu Hamisi, mtu wetu wa Pangani, aliyekaa kibandani na redio ya upepo akiongea na boti. Siku mbili kabla ya safari Bi Rukia alikaa kitako, akavuta simu, akapiga kila nyumba. "Hodi wenyewe. Ni Rukia wa boti. Jumamosi tunamchukua mtu wenu baharini. Mnatupa radhi yenu?" Watu wa bara walishangaa sana. Wengine walidhani ni utapeli. Mkwe mmoja alijibu, "Mchukueni, lakini mrudisheni na meno yake yote." Bi Rukia alicheka mpaka machozi. Ila mke mmoja alipokataa, jina la mumewe lilikatwa kwa kalamu pale pale, na bwana mkubwa huyo akaja ofisini kufoka, akapiga meza, naye Bi Rukia akawa anajipepea tu kwa kipande cha boksi. "Kwetu boti haitoki na mtu aliyetoroka kwao," alinieleza baadaye. Nikaona ni mambo ya kizamani. Nilikuwa mjuaji sana mwaka ule.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Grace, mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini. Kusema nilipanga ni mazoea tu, maana siku ya tatu aliniuliza kwa nini napika peke yangu mithili ya mtu aliyefukuzwa, akanivuta mezani kwake, na tangu hapo nikala kwao kila jioni. Grace alikuwa shule ya bweni. Tulikuwa watatu mezani, ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine maziwa mgando na karanga, taa ndefu ya umeme ikivuma juu yetu. Mama Grace alikuwa mwanakwaya, mkali wa usafi, mwenye mikono isiyokaa bure. Mumewe alikuwa afisa mifugo aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, mtu mrefu, mtaratibu, mwenye presha na vidonge vyake kwenye kibati cha peremende. Wote tulimwita Baba Grace. Alipenda kuniuliza habari za ofisini, lakini aliuliza mke akiwa jikoni, kwa sauti ya chini, kwa sababu neno bwawa, mto au boti halikutajwa katika nyumba ile. Mdogo wake Mama Grace alizama kwenye bwawa la Mtera akivua. Dada mtu alikaa ukingoni siku tatu akisubiri, na siku ya nne alichokipokea hakuwahi kukielezea. Mimi nilielezwa hayo na jirani. Mama Grace alijua kazi yangu, na tangu nilipohamia alinipa sharti: "Kazi ni kazi, mwanangu, sikukatazi. Ila habari zake uziache huko huko."

Siku moja mchana Bi Rukia akiwa ameenda kuswali, nilisikia mtu anapanda ngazi polepole, anapumzika, anapanda tena. Alikuwa Baba Grace. Hakunisalimia hata. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya sulisuli, akasimama mikono nyuma, akalitazama lile pezi, nadhani hata dakika tano. Kisha akavuta kiti akakaa karibu yangu. "Anjela mwanangu, naomba unisitiri."

"Baba, kwa lipi tena?"

"Nataka kwenda. Ila jina langu lisiandikwe."

Nilicheka, nikaona hacheki. Nikamwambia, "Baba, bila jina huendi, na jina likiandikwa Bi Rukia atapiga simu nyumbani."

"Ndiyo maana nimekuja kwako na si kwake."

"Si umwombe mama? Labda safari hii atakubali."

"Nimemwomba mara tatu. Mara ya tatu alikaa siku mbili hajala." Akakifungua kibati chake, akakifunga. "Miaka thelathini na tano nawachoma ng'ombe sindano kwenye vumbi hili. Mwakani nitakaa kibarazani nameza hizi mpaka siku yangu ifike. Bahari sijaiona, Anjela. Siku moja tu, kisha nirudi nikae. Mama yako nitamwambia nina semina Mpwapwa."

Sasa hivi, nikiwa mtu mzima mwenyewe, naona kila mahali ambapo ningeweza kusema hapana. Lakini nilimpenda yule mzee, nakiri, na nilipenda pia kwamba kaniomba mimi. Kuna utamu fulani wa kijinga katika kushika siri ya mtu mzima. Nikapanga kila kitu, tena nikajisifu kwa ufundi wangu. Abiria wa Jumamosi ile walikuwa watano, wote wa ofisi moja, na majina yao nikayachapa. Baba Grace sikumwandika popote. Nilimpigia Nahodha Sudi mwenyewe nikamwambia, "Nahodha, kuna mtu wetu wa ofisini anakuja kujionea kazi. Mchukulie kama mmoja wenu, na Bi Rukia usimsumbue nalo." Akasema haya dada. Wale watano nikawaambia hivyo hivyo. Mpango ulikuwa ashuke basi la Mpwapwa pale Mbande, kwenye njia panda, asubiri gari la wenzake limchukue. Alhamisi Bi Rukia alipiga simu zake tano, akapewa radhi tano, akafurahi. Mimi nilikaa meza ya pili nikichonga penseli.

Ijumaa asubuhi Mama Grace alimpasia mumewe shati la bluu la mikono mirefu, akamfungia karanga na maji ya kunywa, akamkumbusha vidonge. "Usikae juani na ng'ombe wa watu," alimwambia mlangoni. Jioni tulikula wawili. Aliniuliza kama semina za siku hizi zinawapa watu chakula cha maana, nikajibu nadhani wanawapa. Akaniongezea mlenda. Nilikula wote.

Boti iliondoka alfajiri ya Jumamosi, na kawaida ilirejea saa nane mchana. Saa sita na nusu Hamisi akapiga: redio ya Tausi imenyamaza katikati ya maneno. Neno la mwisho la nahodha, alisema, lilikuwa kwamba wamenasa sulisuli. Bi Rukia akauliza bahari ikoje, akaambiwa ina mawimbi kiasi, si ya kutisha. Saa saba akapiga tena kusema boti mbili za wavuvi zimekwenda kuangalia na moja imeona mafuta yanaelea juu ya maji. Bi Rukia alikaa, akafunga kanga yake vizuri, akapiga zile namba tano. "Nilichukua kwenu kwa radhi," aliwaambia, "na kwa hiyo siwafichi." Katika nusu saa chumba kilijaa: wake wanne, na baba wa abiria wa tano, kijana ambaye hakuwa ameoa. Wengine walikaa juu ya magunia kwenye ngazi. Chini, wachukuzi waliendelea kubeba mahindi na kutukanana kama siku zote, mpaka mwenye duka akawanyamazisha.

Na Mama Grace akaja. Mmoja wa wale wake alikuwa mwenzake wa kwaya. Aliposikia habari tu alichemsha chai chupa mbili, akabeba vikombe ndani ya beseni, akapanda ngazi zile ambazo hakuwahi kuzikanyaga. Picha za ukutani hakuzitazama. Aligawa chai kwa wote, akaja kuketi kando yangu kwenye benchi, akaweka mkono juu ya goti langu. "Tulia, mwanangu," aliniambia. "Kusubiri huku nakujua. Mtu anatakiwa anywe kitu." Akanipa kikombe. Halafu akasema polepole, kwangu tu, "Mungu anisamehe, nashukuru wa kwangu yuko nchi kavu." Nilitaka kusema, nikafumbua mdomo kabisa, na simu ikalia.

Watatu wameokotwa na boti moja, akiwemo nahodha. Chumba kizima kikapiga kelele. Bi Rukia akainua mkono, akashika orodha, akaweka alama. Baada ya muda simu ikalia tena: boti ya pili imeokota watano. Majina hayakusikika, redio ilikuwa ikikwaruza, ila ni watano, na wote wanapumua. Bi Rukia akahesabu kwa sauti, kidole juu ya karatasi yangu. Abiria watano, nahodha mmoja, mabaharia wawili. Wanane. "Watatu na watano ni wanane. Wametimia! Alhamdulillah, wametimia!" Akamwambia Hamisi, "Waambie wote warudi, wasihangaike tena, wawawahishe watu hospitali." Wale wa boti ya kwanza, tulikuja kujua, waliamini mwenzao kaokotwa na ya pili, na wale wa ya pili waliamini yuko kwenye ya kwanza. Kila upande uliiona boti nyingine ikivuta watu majini. Nahodha alikuwa anatapika maji chumvi, hawezi kusema. Dunia nzima, aliyejua kwamba hesabu ni tisa na aliyekuwa karibu na simu alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa na kikombe cha chai mkononi.

Wanawake walikumbatiana. Yule baba alilia waziwazi. Mama Grace alianzisha wimbo wa kwao, wakaupokea, hata Bi Rukia, Mwislamu safi, akawa anapiga makofi. Nami nilikaa. Watu wote niliowahi kuwasimulia nimewaambia nilinyamaza dakika moja, kwa mshtuko. Si kweli. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu na niliitazama. Ilikuwa saa tisa kasoro robo Bi Rukia alipotamka wametimia, na niliposema ilikuwa saa tisa na dakika tano. Dakika ishirini nilijiambia kwamba pengine hakupanda, pengine alifika akaona maji akaogopa, akabaki hotelini na presha yake. Nilijiambia kwamba labda yeye ni mmoja wa wale watano wa boti ya pili, na baharia ndiye aliyekosekana, na nikashtuka kuona kwamba naombea iwe hivyo. Nilifikiri kazi yangu. Nilifikiri chumba changu na meza ile ya jioni. Zaidi ya yote nilifikiri uso wa mwanamke aliyekuwa anaimba kando yangu. Nikanywa chai mpaka ikaisha.

Wimbo ulipokwisha Mama Grace alijifuta jasho, akatoa simu yake kwenye pindo la kanga. "Ngoja nimpigie Baba Grace huko aliko, afurahi na yeye." Akapiga, akasikiliza, akakata. Akapiga tena. "Mpwapwa nako, mtandao wa kubahatisha." Akapiga mara ya tatu, kisha akaniletea simu. "Hebu nijaribie wewe, Anjela, vijana mnazielewa." Nikaishika. Jina lake lilikuwa pale kwenye kioo. Haki ya Mungu sikuamua kusema, maneno yalitoka yenyewe.

"Mama, hayuko Mpwapwa."

Hakuelewa. Akatabasamu kidogo, akingojea niendelee. Bi Rukia ndiye aliyeelewa, aligeuka na karatasi mkononi, akanitazama mimi, akaitazama karatasi. "Anjela," alisema kwa sauti yake ile ile ya upole, "walikuwa wangapi?"

"Tisa."

Aliivamia simu. "Hamisi! Warudishe! Warudishe wote, yuko mtu wa tisa majini!" Nikasikia sauti ya Hamisi ikiuliza tisa kivipi, dada, mbona hapa nina wanane. Mama Grace alikuwa bado amesimama mbele yangu. Nilitegemea anipige, na laiti angenipiga. Akamgeukia Bi Rukia, akasema, "Waambie amevaa shati la bluu, mikono mirefu. Watauliza amevaa nini. Huwa wanauliza." Halafu akakaa pale pale chini sakafuni, kwenye vumbi la mahindi, akakunja mikono. Wake wanne ambao wa kwao wameshapona wakashuka wakakaa chini naye. Hakuna aliyekuja kukaa na mimi. Tulisubiri hivyo saa mbili.

Alipatikana saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, mbali sana na mahali walipookotwa wenzake. Yeye ndiye aliyekuwa amenasa yule sulisuli. Nahodha, ili mshipi usikatike, aliirudisha boti kinyumenyume kumfuata samaki, kama wafanyavyo siku zote, na mawimbi mawili yakafuatana yakaingilia nyuma, maji yakafika kwenye injini. Baba Grace alikuwa huko nyuma na fimbo ya kuvulia imefungwa kwenye mkanda kiunoni. Samaki alimvuta mbali na wenzake kabla hajafanikiwa kujifungua. Kilichomwokoa ni boya la kuvaa, ambalo yeye peke yake, kwa woga wa mtu wa bara, hakulivua tangu alfajiri. Bi Rukia aliweka simu chini akasema, "Yuko hai." Mama Grace alipiga magoti akasali, muda mrefu, bila sauti. Kisha akainuka, akakusanya vikombe vyake, akavihesabu, akaja mpaka kwangu na kukichukua changu mkononi. Akaondoka. Nilipofika nyumbani nilikuta vitu vyangu barazani, vimekunjwa vizuri, hata soksi.

Jumatatu Bi Rukia naye alinifukuza. "Uongo wako ningekusamehe," aliniambia. "Wewe ni kijana, na yule mzee ni mtu mzima aliyekurubuni kwa kukutia huruma. Lakini mimi nilikuwa nahesabu kwa kidole na wewe unanitazama." Tausi ilizama, ofisi ikafungwa mwaka huo huo, na Bi Rukia akarudi kwao. Baba Grace nilimwona mara moja tu. Alinitafuta kwenye duka la vifaa vya shule nilikopata kazi, akasimama mbele ya kaunta na kofia mkononi, yeye ndiye akaniomba mimi msamaha. Alisema kosa lilikuwa lake tangu mwanzo. Nikamuuliza ilikuwaje. Uso wake ulichangamka, akanieleza jinsi samaki alivyoruka mara nne, jinsi lile pezi lilivyofunguka juani, bluu ambayo hata picha haikuisema sawasawa. Nikamuuliza, na baadaye? "Baadaye nilikaa majini, basi," alisema. Akanunua kalamu mbili asizozihitaji, akaondoka.

Basi, Grace aliponiita nilikwenda, Jumapili, baada ya ibada. Meza ni ile ile. Mama Grace amezeeka, mikono yake sasa inatulia. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti, akamtuma Grace dukani, tukabaki wawili. Hakuzunguka.

"Ulinyamaza muda gani?"

"Dakika ishirini, mama." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mtu.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayelinganisha na kitu anachokijua tayari. "Kulikuwa na boti ya tatu," alisema. "Ilikuwa inamtafuta. Ilikuwa karibu naye, aliona mpaka rangi ya kofia ya mtu aliyekaa mbele. Alipiga kelele, akapunga mkono. Wakawa wanamjia. Halafu wakasimama, wakaongea na redio, wakageuza." Akanitazama. "Aliiona ikigeuka, Anjela. Akaitazama mpaka ikapotea. Miaka yote hii, nikitoka chumbani bila kumuaga, alikuwa anapiga kelele."

Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia.

"Alinikataza. Alisema ulikuwa mtoto, ukilijua hili litakumaliza. Nilimheshimu, nikafunga mdomo. Sasa hayupo wa kunikataza."

Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Nililia kama ambavyo sikuwahi kulia mwaka ule. Aliniacha nilie. Grace aliporudi alitukuta hivyo, akasimama mlangoni na mfuko wa sukari, mama yake akamwashiria apite jikoni. "Inuka," aliniambia. Nikainuka. "Sijakusamehe. Leo nimekwambia tu. Njoo tena Jumapili."

Nimekwenda Jumapili tatu sasa. Tunakula, tunaongea habari za kwaya, za bei ya alizeti, za Grace na watoto wake. Neno lile bado hajalisema, na mimi simuulizi.